Niliacha Sigara kwa Hasira

Aliyetufundisha kuvuta sigara, mimi na kaka yangu, ni bwana mmoja wa kampuni ya sigara aliyekuja mjini kwetu Tawa siku ya soko, miaka ya sitini ikielekea kwisha. Alisimama juu ya gari la matangazo, kipaza sauti mkononi, akirusha sigara za bure kama mtu anayelisha kuku. Tukazidaka.

Kaka alikuwa fundi wa baiskeli, nami nilifanya kazi naye. Miaka ilipita, akaanza kukohoa, mpaka akashindwa hata kuinua spana. Hospitalini walimpiga picha ya kifua. Daktari akasema ni sigara, na kwamba tumechelewa. Tulimzika wakati wa kuvuna mbaazi.

Udongo wa kaburi haujakauka, yule bwana wa sigara akaja kwenye kibanda chetu cha baiskeli, akanikuta navuta. Nikamweleza kilichomuua kaka.

"Pole, fundi," akasema, akinisogezea pakiti. "Lakini wewe bado ni wangu. Hakuna anayeniacha."

Akacheka.

Niliikanyaga ile sigara kwa kisigino. Sikumpiga, ingawa spana ilikuwa karibu. Nilitaka kumuumiza zaidi ya hapo.

Asikudanganye mtu kuwa kuacha ni rahisi. Mikono ilitetemeka nikashindwa kubandika kiraka kwenye tyubu. Niliwafokea wateja. Mwaitu, mama yangu, alinikaangia mbaazi kavu nitafune, nikatafuna mpaka taya zikauma. Hamu iliponikaba, nilimwona yule bwana amekaa kifuani pangu, nikamwambia, "Leo hupati." Mchungaji alinisihi nisamehe.

"Nitasamehe, mchungaji," nikamjibu, "lakini nikimaliza."

Gari liliporudi nilikuwa tayari. Nilimwomba shemeji, mjane wa kaka, ile picha ya kifua. Tukaenda sokoni pamoja, nikaiinua juani mbele ya watu.

"Huyu ni kaka yangu!" nikapaza sauti. "Baiskeli zenu ametengeneza yeye. Haya madoa ndiyo yaliyomla. Na aliyempa sigara ya kwanza ndiye huyo juu ya gari!"

Mama mmoja muuza nyanya akamnyang'anya mumewe sigara mdomoni, akaitupa garini. Wengine nao wakatupa zao. Yule bwana akakiinua kipaza sauti, kikapiga mluzi tu. Shemeji akamsogelea, akamuuliza polepole, "Na watoto wangu, nao ni wako?"

Yule bwana aligonga paa la gari, dereva akaliondoa.

Tawa hakurudi tena. Niliposikia anauza sigara katika soko la Kabati, nilipanda basi nikamfuata huko na picha yangu. Aliponiona tu, akaanza kufunga maturubai. Sijawahi kula chakula kitamu kama githeri ya mahindi na maharagwe niliyokula mchana huo.

Sasa wanaotaka kuacha hunijia wakidhani nina dawa. Nawaketisha, nawauliza: wewe ukikohoa, nani ananenepa? Mchukie huyo. Na ukiteleza leo ukavuta, usijichukie wewe. Kesho asubuhi amka, umchukie yeye tena.