Mlango wa Mama na Jiwe la Baba

Siku tuliyomzika baba, mama yangu alitolewa garini kwa dirisha. Mlango wa upande wake ulikuwa umekwama, upande wangu nilikuwa nimeegesha karibu mno na ukingo wa udongo, na watu walikuwa wanasubiri. Wakwe wawili walimshika kwapani, binti wa dada yangu akamsukuma kutoka ndani, na mjane akatoka kichwa mbele kama mkate unaotoka kwenye tanuru. Kitenge chake kilibaki kimenaswa kwenye kitasa. Waliokuwa wanalia waliinamisha nyuso zao. Sitaki kudanganya: wengine hawakuwa wanalia tena.

Gari lilikuwa la baba, pikapu ya milango miwili aliyoiendesha miaka mingi kutoka Baraka kupanda Fizi, akibeba bamama wa sokoni na ndagala zao, dagaa wa ziwa, na kushuka na mihogo. Alipofariki usukani ulinifikia mimi, na pamoja na usukani, ule mlango.

Ugonjwa wa mlango ulitokana na jiwe moja. Liko kwenye mpando, mahali ambapo mvua imekula barabara, limekaa kwenye njia ya tairi kama mtu aliyekuja kudai kitu. Upande mwingine ni korongo. Baba alikuwa analisalimia kila mara, "Jambo kiongozi," kisha tunasikia kishindo chini ya miguu ya abiria. Kizingiti cha chini ya mlango, ambacho ni bati tu, kinajikunja kwenda juu na kuubana mlango.

"Umeligonga," mama alikuwa anasema.

"Mi? Mi sijagonga kitu. Ni lenyewe linakuya."

Tukirudi Baraka, tunakipiga kizingiti nyundo, mlango unafunguka. Tukipanda tena, unafungwa. Tuliishi hivyo. Madereva wengine walikuwa wameanza kufunga vyuma vya ubavuni kama magari ya mashirika yanayopita kwenda Kazimia: bomba refu linalolala chini ya milango, limeshikwa na mifupa ya gari yenyewe, ili jiwe likija likute chuma, gari liteleze juu yake na kupita. Baba aliwacheka. "Dereva mwenye kuvaa chuma," alisema, "anatangazia bantu ati ataanguka."

Sasa siku ya kuondoa matanga ilikuwa inakaribia. Ilitupasa kurudi kwenye kaburi, juu ya Fizi, na magoti ya mama hayawezi tena ule mpando. Alituita, akasema mara moja tu.

"Mi nitapanda gari yake, sitapanda ingine. Na nitashuka mu mulango, sawa muke ya muntu. Mukishindwa, nabakia hapa Baraka, mutamusalimia."

Alimaanisha. Mama akisema atabaki, anabaki. Na matanga yanayoondolewa bila mjane, mimi sijayaona.

Nikaenda kutafuta vyuma. Sokoni mfanyabiashara mmoja alikuwa na jozi iliyovuka ziwa, inang'aa, ina mistari ya mpira ya kukanyagia.

"Papa, ona vile inawaka! Gari yako itakuwa bibi-harusi."

Niliweka goti juu ya kimoja, nikaegemea. Kikabonyea.

"Hiki ni cha kupandia na viatu," nikamwambia. "Jiwe likikigusa kitajikunja, na mlango utafungwa mara mbili."

Aliniomba niseme polepole kwa sababu kulikuwa na mteja mwingine. Nikarudia polepole. Mteja mwingine alisikia vilevile, akaenda zake, na mfanyabiashara akaniangalia kama mtu aliyekanyagiwa chakula.

Fundi wa kuchomelea anayefanya kazi karibu na ziwa alikuwa na bomba nene, limetoka kwenye boti ya chuma iliyokatwa Kazimia. Lilikuwa na kutu, na rangi ya bluu iliyobaki hapa na pale. Akaliweka juu ya mawe mawili, akaniambia niruke juu yake. Nikaruka. Bomba halikusema kitu. Mimi ndiye niliyesema, kwa sababu ya kisigino.

Nilirudi nyumbani na furaha, nikamweleza mama. Alikuwa anakata sombe, majani ya mihogo. Hakuinua kichwa.

"Mwenyewe alikatala."

"Ndiyo, mama."

"Matanga haiyatoka. Munataka kuvalisha gari yake nguo yenye alikatala akiwa muzima?"

"Lakini bila chuma mlango utafungwa tena."

"Basi nitabakia."

Sikujua la kufanya. Hataki kupita dirishani, na hataki kitu kitakachomwezesha kupita mlangoni. Nikaenda kwa binti wa dada yangu, yule aliyemsukuma siku ya maziko. Ni mama wa watoto, anauza ndagala sokoni, na ulimi wake unajulikana mpaka Nundu. Kwetu mjukuu ana ruhusa ya kumtania babu yake, awe hai au maiti. Siku ya maziko alikalia udongo wa kaburi, akatangaza kwamba marehemu ni bwana wake na hazikwi mpaka yeye apewe kuku. Tulimpa.

Nilimweleza shida yangu. Alisema tu, "Mujomba, nipe kofia yake."

Jumapili baada ya ibada, bamama wa jirani walikuwa wamekaa na mama uani, wanachagua maharagwe. Gari lilikuwa limesimama pale pale. Ghafla honi ikalia: fupi, fupi, halafu ndefu ya mtu aliyekasirika. Ni baba peke yake aliyekuwa anapiga honi namna ile. Mkono wa mama ukasimama ndani ya maharagwe.

"Mama ya batoto!" Sauti nzito ilitoka garini. "Mayi yangu ya kuoga iko wapi?"

Nyuma ya usukani alikaa yule binti, kofia ya baba imeshuka mpaka kwenye nyusi, kiwiko nje ya dirisha kama alivyokuwa anakiweka. Mimi nilijificha nyuma ya jiko.

Mama hakugeuka. "Mayi iko mu ziwa. Enda kule."

"Unanijibu hivi mbele ya bageni?"

"Tangu uende umenona. Kule banakulisha nini?"

Bamama wakaangua kicheko, maana yule binti si mwembamba.

"Banatupikia bugali muzuri. Habaunguzi sawa we."

"Aa! Huyu mwanaume!" Sasa mama aligeuka.

"Nasikia mutoto yako anataka kuvalisha gari yangu chuma."

"Ni mutoto yako pia. Na ni we ulikatala."

"Mi nilikatala juu nilikuwa najua barabara. Huyu hajui kitu. Anaendesha sawa muntu anatafuta sindano. Huyu ataniulia muke!"

Hilo sikumtuma aseme.

Mama alisimama, akajipangusa vumbi la maharagwe, akasogea mpaka kwenye dirisha la gari. Alikuwa anatabasamu kidogo, lakini sauti yake haikuwa ya mchezo.

"Na ile jiwe? Miaka yote ile unaniambia haukuligonga."

Yule binti akashusha kile kiwiko.

"Muke yangu," akasema polepole, "ile jiwe nililigonga."

"Rudilia."

"Nililigonga. Kila safari."

Mama alicheka. Alijifunika mdomo kwa kitenge, mabega yakatikisika, akashika mlango mbovu ili asianguke. Tangu maziko nilikuwa sijamsikia akicheka, na pale nyuma ya jiko macho yangu yalijaa, nikasingizia moshi ingawa hakukuwa na moto.

"Basi bavalishe," akasema alipopata pumzi. "Lakini basichome gari na moto. Bafunge na nati. Ukikuya mu ndoto ukatale, kesho yake tunang'ola."

"Sawa," ilisema kofia. "Na mayi yangu?"

"Toka mu gari ya bwana yangu!"

Bamama walipoondoka, nilikwenda kubeba ungo. Mama aliniangalia.

"Ni we ulimutuma?"

Ningeweza kusema hapana. Watu wenye akili wangesema hapana.

"Ndiyo, mama."

"Na ile ya jiwe, ni we ulimuambia aseme?"

"Hapana. Hiyo ameitoa mwenyewe."

"Baba yako alikuwa muongo, lakini muongo wa raha. We sijui nilikutoa wapi."

Fundi hakupenda habari ya nati. Yeye alitaka kuchomelea miguu ya bomba moja kwa moja kwenye shasi, amalize. Nilimwambia mwenye gari anaweza kukataa.

"Mwenye gari si alikufa?"

"Ndiyo sababu hatujui atakataa siku gani."

Akanung'unika, lakini alifanya. Alichomelea kila kitu chini, mbali na gari: bomba, miguu yake, na sahani ya chuma mwisho wa kila mguu. Kisha tukaiinua pikapu kwa jeki, tukaitegemeza kwa magogo, tukalala chini yake. Sahani zilikaa kwenye shasi, tukazifunga kwa zile nondo zilizopindwa zenye nati pande zote mbili, kama zinazoshika springi, na katikati tukaweka vipande vya mpira wa tairi kuukuu ili chuma kisilane na chuma. Aliniambia nisiguse bati la kizingiti hata kidogo. "Hii inashika mufupa," alisema, "haishike ngozi."

Tulimaliza upande wa mama, tukashusha jeki, tukapeana mikono. Nikavuta mlango. Ukagonga bomba na kukataa. Tulikuwa tumefunga chuma juu mno, na sasa mlango haukufunguka hata bila jiwe.

"Mama asiambiwe," fundi akasema.

"Akiniuliza nitamwambia."

Alitoka kutafuta spana akikimbia. Tulifungua yote, akarefusha miguu, tukashusha bomba na kulitokeza nje kidogo, kisha tukakipiga kizingiti nyundo mara ya mwisho. Mlango ukafunguka kwa kidole. Kabla hatujakusanya vifaa, wazee wawili wa jirani walikuwa wamekwisha kukaa juu ya bomba kama kwenye benchi, wanazungumza habari za bei ya mihogo.

Siku yenyewe tulipanda asubuhi. Mama alikaa pembeni yangu na kitenge kipya juu ya magoti. Nyuma kulikuwa na ndugu, mbuzi mmoja, masufuria, na yule binti na ile kofia. Tulikaribia jiwe. Niliingiza gia ya kwanza. Nikatoa kichwa nje kuangalia korongo, nikarudisha, nikatoa tena. Niliendesha kama mtu anayetafuta sindano. Tairi moja ilipita pembeni kabisa ya korongo, nyingine ikapita pembeni kabisa ya jiwe, na gari likapanda bila kugusa kitu.

Nyuma walipiga makofi. Mimi mwenyewe nilijisikia mkubwa. Baba hakupata kufanya hivyo hata mara moja.

"Simama," mama akasema.

Nikasimama.

"Rudi nyuma."

"Mama, tumekwisha kupita."

"Nimeona. Rudi, uligonge."

Nilimwangalia. Alikuwa anaangalia mbele, mikono juu ya kitenge, kama mtu aliyeomba chumvi mezani. Nikarudi nyuma. Ndugu walipiga kelele, mbuzi naye. Nikashika njia ileile ya baba, nikakanyaga mafuta.

Jiwe lilikuja, kama baba alivyosema sikuzote. Gari liliinama upande wa mama, bomba likalia juu ya jiwe mlio mrefu wa kuumiza meno, tukateleza, tukakaa sawa, tukapita. Mama alishika kitasa, akasukuma mlango. Ukafunguka. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Jambo kiongozi," akasema akiwa amelielekezea jiwe kidevu. "Sasa twende."

Kwenye kaburi niliegesha mbali na ukingo. Wakwe wale wawili walikuja mbio na mikono imenyooshwa tayari, wakiangalia dirisha. Mama aliwaacha wasimame hivyo. Alifungua mlango mwenyewe, akaweka mguu mmoja juu ya bomba, ambalo si la kupandia, akaweka wa pili chini, akanyoosha kitenge na kupita katikati yao kama mke wa mtu.

Sala zilipokwisha alisogea peke yake karibu na udongo. Mimi na yule binti tulikuwa nyuma yake, tukasikia.

"Tumefika muzuri," alimwambia baba. "Gari yako iko vile uliiacha. Hatukugusa kitu."

Nilifungua mdomo. Yule binti akanikanyaga kidole cha mguu kwa kisigino chake chote, akakikandamiza, mpaka nikainamisha kichwa kama mtu anayeomba.