Kitambaa Chini ya Laptopu

Nilirudi Uganda na stashahada ya majokofu na viyoyozi, niliyoisomea ughaibuni jioni baada ya kazi, bila mfadhili. Hapa Mbale, mtaani Nkoma, hakuna mwenye bucha asiyejua kwamba jokofu likizimika, mimi ndiye wa kuitwa. Nyumba yangu ina vyumba vinne, nimeijenga mwenyewe. Vitatu havijapata mtu wa kulala.

Binti yangu alibaki ughaibuni na mama yake, aliyekataa kurudi. Ana miaka tisa. Kila Jumapili mchana nilimpigia kwa video kwenye laptopu, na kila Jumapili, kabla ya dakika kumi, mashine ilivuma kama kinu cha kusaga posho, unga wa mahindi, ikachemka, ikazimika. Ikipoa na kuwaka tena, wao wamekwisha kwenda matembezini.

"Baba, mbona unanikatia?" aliniuliza siku moja.

"Si mimi, mwanangu. Ni joto."

"Kwani wewe si fundi wa baridi?"

Jioni hiyo nilichukua bisibisi. Nikaifungua laptopu, nikabadilisha dawa inayopakwa kati ya prosesa na bamba la kupozea ili kupitisha joto. Nikaibadilisha mara ya pili, feni nisiifungue. Nikafuta programu, nikahamishia meza dirishani, nikalaumu vumbi la Mbale, kisha waliotengeneza mashine. Jumapili iliyofuata binti yangu alikuja kwenye kioo akiwa tayari amevaa viatu.

"Si utakata tu," alisema.

Kwenda kwa fundi wa Mbale nisingeweza. Mji mzima ungesikia. Nikapanda teksi hadi Jinja, ambako hakuna anayenijua. Katika mtaa wa maduka ya zamani ya Wahindi nilimkuta fundi wa kompyuta, mama mmoja mwenye hijabu na bisibisi nyuma ya sikio. Babu yake alikuwa askari, aliniambia, ndiyo maana Kiswahili, lugha ya jeshi hapa Uganda, kwao ni cha nyumbani.

"Karibu, afande."

"Mimi si afande. Nina stashahada."

"Haya, bwana stashahada. Mashine inaumwa nini?"

Nilimweleza yote niliyofanya, kwa kirefu. Alisikiliza huku akifungua skrubu. Kisha akachukua kibanio, akavuta kutoka kwenye matundu ya feni kitu kama nywele, cha rangi ya waridi, kirefu, kikazidi kutoka.

"Mashine hii iko nalala wapi?"

"Juu ya kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Cha kufuma. Kina sponji ndani."

Alicheka hadi muuza chaji wa jirani akageuka. "Bwana stashahada! Umesomea baridi, halafu unavalisha kompyuta sweta? Inapumulia huku chini!"

Sikucheka. Mama yangu, kule kijijini, alifumia kitambaa kila kitu cha heshima: redio, televisheni, migongo ya viti. Niliporudi aliiangalia laptopu yangu, akasema kitu cha thamani hakikai uchi mezani. Alifuma kwa uzi wa waridi, akanipa. Mwaka uliofuata tulimzika. Mimi, ambaye kila siku huwaambia wenye bucha wasisukume jokofu hadi ukutani, nilikuwa nimeziba pumzi ya mashine yangu kwa mkono wa mama.

Fundi alitaka kutupa zile nyuzi. Nilimwomba anifungie kwenye karatasi.

"Uchafu huu?"

"Nataka kuuchunguza kitaalamu."

Alinitazama kidogo, akafunga karatasi kwa upole.

Jumapili niliweka laptopu juu ya vipande viwili vya mbao, kitambaa nikakiweka mgongoni mwa kiti changu. Dakika kumi zikapita. Nilikuwa nimekwisha kumweleza binti yangu habari za majokofu yote niliyofufua wiki hiyo. Kumi na tano. Kwa miaka miwili sikuwahi kuhitaji zaidi ya maneno ya dakika kumi.

"Baba, leo hukati?"

"Leo sikati."

Alifikiri, akainama kuvua viatu. Akaleta daftari la hesabu, akaliweka mbele ya kioo, akaanza kuandika. Nilikaa nikisikiliza penseli yake. Feni ilizunguka taratibu, na mimi sikutafuta neno lingine la kujisifu.