Mstari wa Pili

Mwaka wangu wa pili chuo kikuu, huko Nairobi nikisomea uhandisi mwanzoni mwa miaka ya tisini, tulitakiwa kuchukua somo moja nje ya kitivo chetu. Nikachagua la kusoma Kiswahili cha zamani kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Si kwa mapenzi, ni kwa uvivu. Nimezaliwa Mji wa Kale, nimehitimu Kurani madrasa. Nikaona hapo nitaokota alama bila jasho.

Mwalimu alikuwa Mkristo wa bara. Siku ya kwanza aliandika ubaoni mwanzo wa barua ya mama mmoja wa pwani: juu Bismillahi, chini yake maneno mawili.

"Tusomee, wewe wa Mombasa."

Nikasoma: kwa mwanangu. Kisha nikakaa. Mstari ule nilikuwa nimeuona mara nyingi, kwa mkono wa bibi yangu, mzaa mama.

Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili. Mama alikuwa Lamu akimuuguza dadake, na kwetu maiti hacheleweshwi. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Kwa miezi akawa anamuuliza kila aliyekuwako, "Hakuniatia neno?" Hakuna aliyeachiwa neno lake.

Tulipofagia chumba tukakuta furushi la karatasi, maandishi yamesongamana, hayana irabu. Mama alizoea msahafu tu, yale yalimshinda. Akanipa mimi, msomi wake. Nikaona Bismillahi juu ya kila karatasi, nikasema ni dua, wala sikuhangaika na yaliyo chini. Karatasi yenye jina la Mungu haitupwi jaani. Mama akazifunga kwa kitambaa cheupe pamoja na jiwe, nami nikatia udhu, nikaenda kuzizamisha baharini Mbaraki. Nilirudi nikijiona mtu mwema.

Muhula ule chuo kikuu kilifungwa kwa sababu ya migomo. Nilishuka basi Mwembe Tayari, kwetu Mombasa, asubuhi na mkoba wangu. Njia nzima nilikuwa nikijishauri ninyamaze, maana lililozama limezama. Lakini nilimkuta mama akichagua mchele, akaniuliza nasoma nini huko, na kumdanganya nikashindwa. Nikamweleza yote, hata ule mstari wa pili.

Mkono wake ukasimama juu ya sinia.

"Kumbe alisema," akasema.

Akalia, bila sauti, kwa muda mrefu. Nilimwomba radhi. Akatikisa kichwa.

"Ni mimi n'lokutuma, baba. Huko wamekufunza na kuandika?"

"Naam, mama."

"Basi kesho ukae nami uniandikie yangu. Bismillahi uiandike, kisha uwambie wanao wasikomee papo."

Sikungoja kesho. Nilikwenda dukani kununua daftari.