Kiuno cha Wifi

Fundi cherehani yule aliitwa Sindano, na si kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa mwembamba, na ulimi wake ulichoma. Kushona alifundishwa na shangazi yake alipomaliza shule ya msingi, na kwenye mshono hakuna aliyemtia doa. Waliomtesa ni wateja wa mbali, wale wanaojipima wenyewe na kutuma vipimo kwa simu. Mmoja alijipima kifua akiwa amevaa koti. Mwingine alipima kiuno chini ya kitovu, kisha akashangaa gauni linamning'inia kama pazia. Na gauni likirudi, anayesemwa ni fundi.

Safari hii lilirudi gunia zima, sare za wahudumu wa hoteli. Wifi yake, dada wa mumewe, alilitazama likishushwa mlangoni, na furaha ilimshinda kuificha. Chumba cha mbele alimoshonea Sindano kilikuwa cha nyumba ya wazazi wa mumewe, naye wifi alikuwa akikimezea mate siku nyingi, afungue saluni. Familia ikakaa kikao. Ilikuwa imebaki kazi moja mkononi, magauni ya kwaya ya akina mama wa mji wa mbali. Ikaamuliwa kwamba hayo nayo yakirudi, cherehani itoke na viti vya saluni viingie.

Sindano hakulia. Alimwendea mumewe, mwalimu, mwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa na programu ya slaidi za kufundishia, akamwambia anataka kuchora picha ya kuwaonyesha watu namna ya kujipima. Mumewe akasema programu ile si ya wachoraji. Ina maduara, miraba na mishale, basi.

"Kwani mtu ni nini?" Sindano akamuuliza. "Si duara juu ya mraba?"

Mwalimu akamwonyesha jinsi ya kuchagua umbo, kulivuta, kulinakili na kulipaka rangi, halafu akafukuzwa kitini. Kichwa kikawa duara, shingo mstatili, kiwiliwili yai lililobanwa katikati. Pembeni Sindano akamwaga maelezo, mshale juu ya mshale, mpaka slaidi ikajaa kama kabati la mjane.

Sasa amjaribie nani? Akamchagua wifi. Mtu asiyekutakia mema hatakuvika kilemba cha ukoka. Akaichapisha slaidi, akamkabidhi karatasi na futi ya kupimia bila kumweleza chochote. Wifi alisoma mstari wa kwanza, akapiga miayo, akajifunga futi anavyojua mwenyewe. Sindano akarudi kwenye kompyuta akafuta maneno yote, akabakiza matatu: kifua, kiuno, nyonga. Futi akaichora kama mstari mwekundu uliokatiza mwilini.

Mara ya pili wifi akajipima mbele tu, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, akasema ndivyo ilivyochorwa. Iliuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Sindano akachora nusu duara mbili nyekundu. Moja akaiacha mbele, nyingine akaibonyezea amri ya kupeleka nyuma, ikajificha mgongoni mwa yule mtu. Futi ikaonekana imemkumbatia mzima mzima. Mwalimu mwenyewe alipiga mluzi.

Mara ya tatu kifua kikaenda vizuri. Kwenye kiuno futi ikapanda, ikashuka, ikapotea njia.

"Wifi," akasema dada mtu, na alisema ili iume, "huyu mtu wako kabanwa kama nyigu. Mimi kiuno changu kiko wapi hapa?"

Sindano akamtazama yule wa kwenye karatasi, kisha akamtazama wifi, mwanamke wa kujaa mlango, na futi imelala chini ya tumbo. Alikuwa amejichora yeye mwenyewe, na kwaya nzima ingeulizwa vipimo na mtu asiye na tumbo.

"Hebu inama kwa ubavu," akamwambia wifi. "Unapojikunja, hapo ndipo kiuno."

Wifi akainama akigunaguna, na mkunjo ukajitokeza peupe. Basi Sindano akalifuta lile yai, akamchora mama wa haja, mwenye tumbo lake na mikono yake minene, na kando yake akamweka huyohuyo mdogo ameinama kwa ubavu, nukta nyekundu penye mkunjo. Wifi akapewa futi tena. Akapima sawasawa, kwa hasira.

"Ungechora hivi tangu mwanzo," akasema.

Slaidi ikahifadhiwa kama picha, ikatumwa kwenye kundi la simu la kwaya. Vipimo vikaja. Sindano akakata kitambaa, akashona, akafunga mzigo, ukaondoka. Kuanzia hapo ikawa kusubiri, roho juu. Wifi hakusubiri, alimleta fundi wa vioo apime ukuta.

Fundi wa vioo alikuwa bado juu ya kiti chake simu ilipoita. Kiongozi wa kwaya alikuwa ametuma picha: akina mama wamesimama mistari kwa mistari, mabega yamekaa, viuno vimekaa, hakuna aliyeshikilia nguo kwa nyuma. Akasema hakuna hata gauni moja la kurudi. Akasema pia akina mama wanauliza yule mwanamke wa kwenye mchoro ni nani, maana walijiona.

Wifi akaomba simu. Akaitazama picha muda mrefu, akampa shukrani fundi wa vioo na kumruhusu aende zake. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa umeshaambiwa kwamba yule wa kwenye mchoro ni yeye, na bila yeye kusingekuwa na magauni.

Sindano alimwachia sifa hizo. Alikuwa na chumba chake, na kwaya ilikuwa imeshaagiza suti za waume zao. Akafungua slaidi mpya, akamwita mwalimu asimame mbele yake. Mwalimu akasimama, akavuta pumzi, kifua mbele.

"Liachie tumbo, baba watoto," Sindano akamwambia. "Nachora wanaume wa kweli."