Sauti ya Baba Neema Inazidi Kuwa Fupi

Admin, naomba ufiche jina langu, huku kwetu tunajuana. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, mjane, naishi Newala. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa mwalimu. Alifariki ghafla mwaka jana, akaiacha laptopu yake ya zamani mezani inawaka, chaja na modemu ya intaneti vimechomekwa, kifurushi cha mwezi ndiyo kwanza kimeanza.

Kwetu vitu vya marehemu haviguswi mpaka arobaini. Hata kikombe chake kilibaki na majani ya chai. Laptopu niliifunika kanga tu, kuzuia vumbi. Nilikuwa naisikia ikivuma chini ya kanga, nikajiambia angalau kitu chake kimoja bado kinahema.

Siku ya arobaini niliifunua. Ilikuwa ya moto kama pasi. Programu zilikuwa zimejisasisha zenyewe kwa kile kifurushi, zimekuja mpya, nzito. Tangu hapo kila nikiiwasha zinaamka zote pamoja, feni inalia, kisha inazima.

Fundi wa Masasi aliitazama akacheka. "Mama, hizi programu zinakula kuliko wageni wa msibani! Na mashine yenyewe kikongwe." Halafu akatega sikio, akaacha kucheka. "Diski imeanza kugonga. Nikijaribu kunakili vilivyomo, inaweza kunifia mkononi. Siwezi kukuahidi."

Ndani mna sauti yake. Alijirekodi siku moja akijaribu maikrofoni: "Mama Neema, njoo usikie, nimekuwa redio!" Anacheka, kisha anaimba wimbo aliofundishwa na mama yake. Mwanzoni niliusikia wote. Mwezi uliopita ilizima kabla ya wimbo. Juzi iliishia kwenye "njoo usikie." Kicheko sikukipata. Nilijaribu kuinasa kwa simu, nikaambulia mvumo wa feni.

Sasa mama mkwe, ambaye macho yake hayaoni tena, anakuja Jumapili kutoka Chilangala. Hajawahi kuisikia rekodi hiyo. Alinipigia: "Mama Neema, mwanangu, niwekee nimsikie, hata kama anakohoa tu." Nikamjibu, "Ndiyo, mama." Sikumwambia kwamba mashine inakufa, na mimi ndiye niliyeifunika ikaungua.

Nikiiwasha mbele yake, naogopa itakuwa mara ya mwisho, na pengine hatasikia hata jina langu likiitwa. Nikimpelekea fundi kesho, huenda Jumapili nikamkalisha mama mbele ya meza tupu.

Jamani, Jumapili ni keshokutwa. Ingekuwa ni ninyi, mngeiwasha?