Alilipa Kuruka Foleni ya Bahati

Saa moja asubuhi, kabla mafundi wengine hawajafika, mwanamke mmoja anapiga magoti mbele ya mashine ya ovaloki, ile inayofunga kingo za nguo zisifumuke. Anaitoa vumbi la nyuzi kwa mswaki mkuukuu, anaitia mafuta matone mawili, kisha anakaa na kukanyaga.

Mashine inanguruma. Anaisikiliza kwanza, kichwa ameinamisha kando, ndipo anaingiza sketi ya kwanza.

Anaijua vizuri kwa sababu ilikaa dukani kwake miaka sita. Aliiuza mwenyewe. Sasa anakuja kila asubuhi kwenye karakana ya fundi wa suti aliyeinunua, anaitumia kwa saa mbili, na kwa malipo anamfungia kingo za suruali zake.

Wateja humwita Fundi Pindo. Ana miaka arobaini na miwili, na pindo zake hata ukizigeuza huoni alipoanzia. Kinachomuuma ni kwamba mashine aliyoiuza haikuwa yake.

Ilikuwa ya dada yake mkubwa, aliyekuwa fundi pia. Siku zake za mwisho alimwita mdogo wake akamwambia, "Itumie, ikulishe. Mwanangu akijua kushona, mpe." Mwana huyo ni binti wa miaka ishirini, na mwezi ujao anamaliza chuo cha ushonaji.

Gemu ya kubahatisha pesa ilimjia kupitia simu, wakati akingoja pasi ipate moto. Matunda na vito vinazunguka, vya aina moja vikipangana unashinda. Mzunguko mmoja uligharimu mia mbili. Ukibahatika sana unaingia raundi ya bonasi, ambako mizunguko ni ya bure na ushindi huzidishwa. Asiyetaka kungoja alikuwa na kitufe chake: Nunua bonasi. Elfu ishirini, yaani mara mia ya mzunguko mmoja.

Mtu mwingine huenda angeshtuka. Lakini dukani kwake kuna bei mbili, ya kawaida na ya haraka. Anayelipa ya haraka, kitambaa chake kinapanda juu ya rundo.

"Nikasema, kumbe na hawa wana bei ya haraka," anasimulia. "Mimi mteja akinilipa ya haraka, gauni linatoka. Sikujua kwamba pale unalipia haraka, gauni hakuna."

Raundi ya kwanza ilimpa elfu themanini na sita. Alinunua mchele, akanunua na uzi wa mwaka mzima. Ya pili ilimrudishia elfu tatu. Ya tatu, mia tisa.

"Kwa jumla nilinunua kama thelathini. Zilizorudisha zaidi ya nilichotoa ni nne tu. Watu huniuliza kama inalipa. Inalipa, ila anayelipwa siyo wewe."

Kungoja, anasema, kulikuwa kunamsaidia bila yeye kujua. Mizunguko ya mia mbili ilimchosha, akaweka simu, akarudi kwenye nguo. Kitufe kilimwondolea hata huo uchovu. Mapato ya wiki yalikwisha kabla pasi haijapata moto.

Zilipoisha za kwake, akala malipo ya awali ya sare za wanafunzi kumi na wanane. Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya siku tisa. Akaiuza ovaloki kwa laki nne, akanunua vitambaa, sare zikatoka kwa wakati. Hakuna mzazi aliyejua.

Fundi wa suti anaingia, anatundika koti, anamtazama.

"Fundi, leo umeninunulia raundi ngapi?"

"Nimekufungia suruali saba. Hesabu, halafu ucheke."

"Sicheki. Nakupa pole kwa njia yangu."

"Basi ibadilishe njia, shemeji."

Si shemeji yake, lakini mwanaume huyo anacheka na kuanza kuhesabu suruali. Amekubali kumrudishia mashine kwa laki tano, kidogo kidogo. Hadi sasa amepokea laki moja na ishirini.

Jumapili iliyopita Fundi Pindo alimpigia binti. Alikusudia kumficha mpaka amalize kulipa, lakini mwezi umekaribia na deni bado refu.

"Nikamwambia, mwanangu, mashine ya mama yako nimeiuza. Akanijibu, 'Najua, mama mdogo. Kila nikikuomba picha ya duka unapiga ya mlangoni tu.' Hakupaza sauti. Heri angepaza."

Binti aliuliza iko kwa nani. Akaomba namba ya fundi wa suti. Jumatatu akampigia akiomba kazi, na amekubaliwa. Kuanzia mwezi ujao ataketi kwenye kiti hiki, na zile saa mbili za asubuhi za mama yake mdogo zitakoma.

Fundi Pindo atakuwa akituma nguo zake kwa ovaloki ya kulipia, mtaa wa tatu, na kila Jumamosi ataleta hapa elfu ishirini mpaka deni liishe. Anasema hata deni likiisha hataihamisha mashine. Binti ataamua mwenyewe kama ataipeleka dukani kwa mama yake mdogo au atabaki nayo hapa.

Anakata uzi, anakunja sketi ya mwisho, na kumpisha mwenye karakana.

"Aje, asije," anasema, "mashine ya mama yake ataikuta imelipwa."