Chumvi Kwenye Chupa ya Sukari

Chavua imekufa, au mimi ndiye niliyeiua? Swali hilo lilininyima usingizi. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu na kupangiwa maabara ya kilimo Musoma. Chavua yenyewe ilikuwa ya michikichi ya mama mkubwa, Butiama. Miti ilichanua, matunda yakasinyaa. Mkuu wangu wa kazi alishaamua: chavua ikiota, mama mkubwa afundishwe kuchavusha kwa mkono, isipoota, miti ikatwe, shamba lirudi kwenye pamba.

Kuiotesha si uchawi. Unayeyusha sukari kwenye maji safi, unatia asidi ya boriki kidogo sana, unadondosha tone kwenye kioo, unanyunyizia ule unga wa njano, unafunika pamoja na pamba iliyoloweshwa maji ili tone lisikauke. Baada ya saa chache, chini ya hadubini, punje hai hutoa uzi mwembamba. Zangu zilinywea tu. Nikalaumu joto. Nikalaumu maji ya ziwa, jasho langu, hata sabuni niliyooshea vioo.

"Imekufa," mkuu akasema, amesimama nyuma yangu. "Mchikichi ni mti wa Kigoma. Nimeshampelekea salamu mama yako mkubwa anoe panga."

Alipoondoka nilijimwagia sukari kiganjani, nikafanya jambo ambalo chuoni ningefukuziwa: nikalamba. Chumvi!

Nilimfuata mama anayetupikia chai.

"Mama, nani ametia chumvi kwenye chupa yangu?"

"Mimi. Sukari tunachukuaga humo wageni wa mkuu wakija. Madukani si unajua hakuna? Mwenyewe akasema nitie chochote cheupe, chupa isionekane tupu, wakaguzi wataongea. Chumvi nayo si nyeupe?" Akacheka. "Msomi mzima hukuonja?"

"Sukari ya maabara haionjwi!"

"Basi wenzio tumeionja mpaka imeisha."

Sikumkasirikia yeye. Kilichonichoma ni kwamba mkuu alijua. Alizitazama punje zilizonywea, akajua, na bado akaagiza panga linolewe. Nyumbani kwetu Kamunyonge uji tuliunywa bila sukari, na huyu anakoroga miti ya mama mkubwa kwenye chai ya wageni!

Nikasimama mlangoni kwake, ndani akiwa na wageni, nikipima. Je, nikifukuzwa? Je, nikisubiri waondoke? Je, sukari ikiisha kabla? Ndani vijiko vililia kwenye vikombe, mtu akacheka. Nikaingia.

"Shikamooni," nikasema, nikachukua bakuli la sukari mezani.

"We binti! Wageni hawajatia!"

"Michikichi nayo haijatia, mzee."

Jioni nyuzi zilikuwa zimejaa kwenye kioo, zimepishana kama mizizi.

Asubuhi nikaenda Butiama bila kuomba ruhusa. Mama mkubwa alikuwa shambani, panga mkononi, ameshafyeka majani ya mti wa kwanza. Nikalichukua panga, nikamwomba mfuko wa karatasi, nikauvisha kwenye ua dume lililokuwa karibu na kuanza kulikung'uta.